GOBORE NA BUNDUKI YA VIASI: KWA NINI SILAHA YA KALE INGALI INAPENDWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Njombe na Makambako)



Tumepewa kazi ya kusema habari za gobore, na sababu zinazowafanya watu walipende hata leo, ijapokuwa dunia imejaa bunduki zilizo bora kulishinda kwa kila kipimo. Pengine wako watakaouliza, Makarani wana nini na baruti? Twajibu kwamba karani ndiye aombwaye shauri. Mzee wa kijijini aliyerithi gobore la babake hamwendei mwanasheria, humwendea mtoto wa ndugu yake ashikaye kalamu, akamwuliza, "Mwanangu, nifanyeje na kitu hiki?" Asiyejua kitu hicho ni nini, wala kwa nini mzee anakipenda, hawezi kumpa shauri jema. Atamtisha tu, na mzee atakwenda kukificha darini. Basi twataka kueleza mambo manne: gobore ni nini na lilifikaje huku kwetu, uzuri wake ni upi, ubaya wake ni upi, na mwisho, yatupasa kufanya nini sisi tulio na wazee wenye magobore.

GOBORE NI NINI

Watu wa pwani walizipa bunduki majina kwa jinsi zinavyoshika moto. Ya kwanza ni bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka. Waarabu wa Omani na Wabaluchi waliokuja Unguja walikuwa nazo. Ya pili ni bunduki ya gumegume, ambayo jiwe hupiga chuma likatoa cheche. Ya tatu ni bunduki ya fataki, ambayo jogoo lake hupiga kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Fataki ilitokana na kazi ya mchungaji mmoja wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1807. Yasemekana alichoshwa na ndege, ambao waliona mmweko wa gumegume wakaruka kabla risasi haijawafikia.

Bunduki hizo tatu zote hushindiliwa kwa mdomo, na baruti yake ni ile nyeusi, mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Ndizo tuziitazo magobore, na wazee wengine waliziita korofindo. Ya nne ni bunduki ya viasi, ambayo baruti, fataki na risasi zimefungwa pamoja katika ganda moja la shaba, na kutiwa kwa nyuma. Tena mwaka wa 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, na mwaka wa 1886 jeshi la Ufaransa likapokea bunduki ya Lebel iliyotumia baruti hiyo. Tangu hapo baruti nyeusi ilianza kuwa kitu cha kale katika majeshi ya dunia.

Sasa twende kwetu. Majeshi ya Ulaya yalipokuwa yakibadili bunduki zao, zile kuukuu hazikutupwa, bali ziliuzwa kwa bei ndogo kwa wafanya biashara, nao wakazileta Unguja. Mwaka wa 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha za moto zipatazo 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia katika nchi hizi kila mwaka. Kutoka pwani zilisafiri kwa misafara mpaka Tabora, Ujiji na nyanda za kusini, zikalipiwa kwa pembe za ndovu na, kwa huzuni, kwa watumwa.

Mwaka wa 1890 mataifa yakafanya mkataba huko Brussels. Katika nchi za Afrika zilizo kati ya nyuzi 20 za kaskazini na nyuzi 22 za kusini, mkataba ule ulizuia silaha, na hasa zile bora. Lakini uliacha mlango mmoja mdogo: serikali iliweza kuruhusu bunduki za gumegume zisizo na mistari ya kuzunguka ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Tafadhalini, wanachama, tulishike neno hili. Si kwamba babu zetu walikaa sokoni wakapima bunduki mbili, wakachagua gobore. Gobore ndilo waliloachiwa. Ajabu ni kwamba kutoka katika kitu kile walichoachiwa walifanya ufundi wa kusifiwa, na ufundi huo ndio asili ya mapenzi tunayoyatafuta.

UZURI WAKE

Jambo la kwanza lipendwalo katika gobore ni subira. Mpigaji humimina baruti katika kasiba kwa kipimo alichokizoea, akatia kitambaa au nyuzi za mti, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi au marisaa, akashindilia tena, akavuta jogoo, akaweka fataki. Askari aliyefundishwa vema katika Ulaya ya zamani aliweza kupiga mara 2 au 3 tu kwa dakika moja; mwindaji wa porini, aliye peke yake na mikono yenye baridi, hafiki hapo. Kwa hiyo mwenye gobore ana risasi moja, na akikosa hana ya pili, maana mnyama hatamngoja. Basi hujifunza kunyata, kusoma upepo, kukaribia mpaka hatua 40 au 50, na kujizuia asipige kama hana hakika. Mwenye bunduki ya kisasa aweza kupiga mara 15 kwa dakika moja, na wengi wetu twajua kwamba penye risasi nyingi shabaha huwa mbaya.

Jambo la pili ni kwamba gobore hukubali mkono wa fundi wa nyumbani. Huku kusini twawajua Wakinga na Wapangwa, ambao zamani walijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe yao yaliuzwa mbali na milima yao. Mahali penye mhunzi, mdeki uliovunjika hufuliwa upya, na kitako kilichopasuka huchongwa kwa mti mwingine. Bunduki ya viasi ni mgeni mwenye haki zake: hula chakula cha kiwanda tu, na kiwanda kikifunga mlango hubaki fimbo. Tazameni habari ya Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski, na walifanya hivyo kwa mikuki zaidi kuliko kwa bunduki. Waliteka bunduki zipatazo 300. Lakini kila risasi waliyoipiga kwa bunduki zile ilipunguza akiba isiyoweza kujazwa tena, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikatekwa.

Jambo la tatu ni gumu kulieleza kwa kalamu, nalo ni ile furaha ya mlio na moshi. Bunduki ya kisasa hulia kwa ukali kama mjeledi. Gobore huvuma, sauti yake ni nzito, na wingu jeupe hutoka mbele likamficha mpigaji asione kama amepata au amekosa, mpaka upepo uliondoe. Katika sherehe na misiba ya wakubwa mlio huo ulikuwa heshima, na watu wa mbali waliusikia wakajua kuna jambo.

Tusidhani kwamba mapenzi haya ni ya kwetu tu. Huko Marekani chama cha wapenda bunduki za kushindilia kilianzishwa mwaka wa 1933, na majimbo mengi yameweka majira ya kuwinda kwa bunduki hizo peke yake. Mwaka wa 1971 iliundwa kamati ya mataifa ya kusimamia mashindano ya shabaha kwa bunduki za namna hii. Huko Omani bunduki za mrao hutunzwa katika nyumba kama urithi. Watu hao wote wanazo bunduki bora wakizitaka. Wanarudi kwa baruti nyeusi kwa sababu imewarudishia kitu ambacho wepesi wa mashine umekiondoa, yaani kazi ya mikono na kufikiri kabla ya kutenda.

UBAYA WAKE

Hata hivyo, mapenzi yasitupofushe. Ubaya wa kwanza ni baruti yenyewe. Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, bali hubaki masizi na moshi. Masizi hayo huziba kasiba, huvuta maji, na huleta kutu upesi. Tena shura haipendi unyevu. Sisi wa Njombe tujuao ukungu wa asubuhi na mvua za miezi ile mirefu hatuhitaji kufundishwa neno hili: baruti iliyolala nje usiku mmoja yaweza kukataa kushika moto asubuhi, au, kwa hatari zaidi, ikachelewa, ikalipuka mwenyewe amekwisha kuishusha bunduki.

Ubaya wa pili ni udhaifu wa risasi. Risasi ya gobore hutoka kwa mwendo wa mita 300 hadi 450 hivi kwa sekunde, na risasi ya bunduki ya kisasa ya kuwindia hutoka kwa mita 800 au zaidi. Kasiba ya gobore la kawaida ni laini ndani, kwa hiyo risasi haizunguki, na zaidi ya hatua 100 hakuna ajuaye itakwenda wapi. Matokeo yake ni wanyama wengi waliojeruhiwa wakaenda kufia porini kwa maumivu, bila kumfaa mwindaji wala mtu mwingine. Wasifuo uungwana wa gobore wakumbuke na hili.

Ubaya wa tatu umeandikwa katika historia ya nchi yetu kwa damu. Katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka wa 1905, wapiganaji wetu walishika mikuki, mishale na magobore. Tarehe 30 Agosti 1905 waliishambulia boma ya Mahenge kwa ushujaa usio na kifani, na bunduki za mzinga mbili za Wajerumani zikawafyeka. Mwezi wa Septemba vita vilifika karibu na hapa tulipo, na misheni ya Yakobi, isiyo mbali na mji wa Njombe, ilishambuliwa. Huko pia waliokuwa ndani waliokolewa na bunduki zao. Imani ya maji iliwapa watu moyo wa kuungana, na hilo hatulidharau. Lakini moyo haukuweza kuziba tofauti iliyokuwapo kati ya chuma na chuma.

Na asidhani mtu kwamba udhaifu wa baruti nyeusi uliwaonea Waafrika tu. Vita vikuu vilipoanza mwaka wa 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka wa 1871. Hiyo ilikuwa ya viasi, lakini ilitumia baruti yenye moshi. Kila askari aliyepiga risasi alipandisha wingu juu ya kichwa chake, na adui akajua pa kulenga. Ndiyo sababu, baada ya vita vya Tanga mwezi wa Novemba 1914, jemadari von Lettow-Vorbeck alifurahia sana bunduki za kisasa alizoziteka, ambazo zilitosha kuwapa askari wa makampuni matatu. Mjerumani mwenyewe aliikimbia baruti nyeusi mara alipopata njia.

Ubaya wa nne ni wa siku zetu, nao ndio mbaya kuliko yote. Magobore mengi yanayokamatwa leo si yale ya babu. Ni mabomba ya chuma, pengine ya maji, pengine ya usukani wa gari, yaliyofungwa katika kipande cha mti na mtu asiyejua bomba lile litavumilia nguvu gani. Bomba likipasuka, la kwanza kwenda ni jicho au vidole vya mwenyewe. Tena gobore la namna hii halina namba wala jina la mtengenezaji, na kwa hiyo limekuwa chombo kipendwacho na majangili wanaoingia katika hifadhi usiku. Huyu hana subira ya mwindaji wa kale wala heshima yake. Amechukua jina la gobore tu.

YATUPASA TUFANYE NINI

Wako wanachama wasemao kwamba gobore ni ushenzi uliopita, na kila moja lipondwe. Wako wengine wasemao, Mwacha asili ni mtumwa, waachieni wazee vitu vyao. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimechanganya vitu viwili, yaani chombo na adabu iliyofundishwa na chombo. Chombo kimezeeka. Adabu ya kuwa na risasi moja tu, ya kufikiri kabla ya kuvuta, na ya kutengeneza kilichovunjika badala ya kukitupa, haijazeeka. Mtu aweza kuitunza bila kuwa na gobore darini.

Sheria imekwisha kusema. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yamtaka kila mwenye silaha ya moto awe na kibali, na kutengeneza silaha bila ruhusa ni kosa. Maneno kama "ni la babu" au "ni la kufukuzia nguruwe" hayamtoi mtu mahakamani. Tunajua sababu ya mzee kusitasita. Nguruwe na nyani hawasomi sheria, na shamba la mahindi au la viazi laweza kuharibiwa usiku mmoja. Shida hii ni ya kweli, na si haki kumwambia mzee asalimishe gobore kisha tukamwacha peke yake na nguruwe. Anayemshauri kuhusu gobore amsaidie pia kupeleka habari za wanyama waharibifu kwa mtendaji wa kijiji na kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya, kwa maandishi, yenye tarehe na ukubwa wa shamba. Barua ya namna hiyo hutushinda nini sisi, ambao kazi yetu ni barua?

Mwaka wa 2022, katika miezi ya Septemba na Oktoba, serikali ilitoa msamaha kwa wenye silaha zisizo halali wazisalimishe kwa hiari bila kushtakiwa. Muda ule umepita. Lakini fundisho lake limebaki: anayetangulia kusema hutazamwa tofauti na anayekutwa. Basi tangazo la namna hiyo likitolewa, lisomwe kwa sauti vijijini siku ile ile, kwa maana wengi wa wenye magobore ya kurithi hawasomi magazeti. Na kama hakuna tangazo, mzee aende kituo cha polisi kuuliza, naye karani au mwalimu wa ukoo amsindikize, asiende peke yake na gobore begani kama mtu aliyekamatwa.

Liko neno moja zaidi, na hili ni kazi yetu hasa. Kabla gobore halijaondoka nyumbani, habari zake ziandikwe. Lilitoka wapi? Lilinunuliwa kwa pembe, kwa ng'ombe, au kwa mshahara wa shamba la mkonge? Nani alilitengeneza lilipovunjika? Baruti ilipatikana kwa nani? Liliwahi kulia katika msiba wa nani? Mzee akijua kwamba habari zimehifadhiwa, hupungukiwa na uchungu wa kuachana na chuma. Kule Kalenga liko jumba dogo lililotunza kichwa cha Mtwa Mkwawa, kilichorudishwa mwaka wa 1954, pamoja na silaha za kale, na mjini Iringa boma ya Wajerumani imekuwa jumba la makumbusho tangu mwaka wa 2016. Njia ya kutoka Makambako mpaka huko si ndefu. Gobore moja lililotolewa kwa kibali cha wenye mamlaka, likiwa na karatasi ya habari zake, litawafundisha watoto wengi. Likiwa darini halimfundishi mtu, na siku moja mtoto atalichezea, na huenda ndani yake mna baruti iliyosahauliwa.

Bwana Mwenyekiti, tumesema kwamba babu zetu hawakuchagua gobore, bali waliachiwa. Sisi tuna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo, kwa maana twaweza kuchagua cha kutunza na cha kuacha. Tutunze subira yao, na ufundi wao, na habari zao. Chuma chenyewe kikabidhiwe kwa wenye haki ya kukishika, na wazee wetu walale bila hofu ya mlango kugongwa usiku.